Papa wa Kurasa Kumi na Moja

Nilichagua papa kwa kuhesabu kurasa. Naomba hilo lijulikane mapema, ili yatakayofuata yasimshangaze mtu.

Ilikuwa Januari, katika miaka ile ya elfu mbili ambapo simu zetu bado zilikuwa na vitufe, na ukitaka kujua jambo ilibidi uvae koti utoke. Kuvaa koti ndiyo kazi niliyoichukia kuliko zote Stockholm. Mke wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi Bukavu sikukimbia vita, nilikimbia matembezi. Nikitoka ghalani Jordbro, ambako nilipanga makatoni ya mabomba na masinki tangu asubuhi, nilirudi moja kwa moja Skärholmen, nikavua viatu, nikazama kwenye kochi upande wa radieta ya kupasha joto, na hapo hata kengele ya moto ingebidi inibembeleze.

Basi majirani zetu wa ghorofa ya juu wakapata mtoto. Mama wa mtoto alikuwa Mkongo mwenzetu, wa Uvira. Baba alikuwa Mganda, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Mtoto alizaliwa siku ya mwisho ya mwaka. Bibi yake, mzaa mama, aliyekuwa akiishi nao, akafungua kalenda ya Kanisa, akaona kwamba mtakatifu wa siku hiyo ni papa mmoja wa zamani sana, akaifunga. Jina limepatikana. Na kumbe hata kalenda ya Kiswidi iliyoning'inia jikoni, ile inayoandika jina la mtu kwenye kila siku ya mwaka, ilikuwa na jina lilelile.

"Munaona?" bibi akasema. "Hata hawa wasiosali wamekubali."

Mimi nikaombwa niwe baba wa ubatizo. Nilimuuliza yule Mganda kwa nini mimi, kati ya watu wote wenye heshima zao.

"Mzee, wengine tukiwatafuta hatuwapati," akanijibu. "Wewe unajulikana ulipo."

Sasa, jumuiya yetu, sisi Wakatoliki wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Uganda, na Wakenya wawili watatu, ilikuwa na desturi yake. Jumapili moja kabla ya ubatizo, baba wa ubatizo anasimama sebuleni kwa wazazi, watu wakiwa wameshakula, anasimulia maisha ya mwenye jina. Mtoto asipewe jina kama mtu anayepewa begi tupu. Na ukisimulia vibaya utasemwa. Kulikuwa na mzee aliyesimama akatangaza kwamba mtakatifu wake alikuwa mtu mwema, kisha akaketi. Tangu siku hiyo jina lake kwetu likawa Mtu Mwema, na watoto wake wakawa wale wa Mtu Mwema.

Nikavaa koti. Nikaenda maktaba. Nikapewa kitabu kinene cha Kiswidi cha historia ya mapapa, nikatafuta jina letu. Walikuwepo wawili wa kutajika. Wa kwanza, mtakatifu mwenyewe wa kwenye kalenda, alikuwa na nusu ukurasa. Wa pili, aliyelichukua jina hilo karibu miaka mia saba baadaye, alikuwa na kurasa kumi na moja, na picha juu. Nikajiambia: jina si ni lilelile? Papa si papa? Kwa nusu ukurasa nitakuwa Mtu Mwema wa Pili. Nikambeba yule wa kurasa kumi na moja mpaka nyumbani.

Jamani! Nilikuwa sijawahi kusoma Kiswidi kwa kasi ile. Kamusi ilikuwa gotini, kalamu mdomoni, chai inapoa. Huyu alikuwa mtoto wa watu maskini wa kusini mwa Ufaransa, watu ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao. Watawa wakamchukua, wakamfundisha Kilatini. Akapita bwana mkubwa kutoka upande wa Hispania, na mkuu wa watawa akamuuliza: huko kwenu kuna wajuzi? Wapo. Basi mchukue kijana wetu huyu. Hivyo tu! Akaenda mpakani kabisa, ambako elimu ya Waarabu ilikuwa ikivuka mlima kwa mlima, hesabu na elimu ya nyota, akarudi na kichwa kimejaa mambo ambayo Ulaya nzima ilikuwa haijayaona.

"Sikia hii!" nilimwambia mke wangu. "Alitengeneza ubao wa kuhesabia. Alimwendea fundi wa ngao, fundi wa vita, akamwambia nitengenezee ubao wenye safu ishirini na saba. Vidude vyake vya pembe, elfu moja, kila kimoja kimeandikwa tarakimu. Tarakimu zenyewe ndizo hizi za kwetu, moja mpaka tisa!"

"Na sifuri?"

"Hakuna sifuri! Anaacha safu wazi!"

"Kama wewe siku za usafi," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Lakini alikuwa akisikiliza, nilimwona. Nilipofika pale papa wangu, akiwa bado mwalimu tu, anapomwahidi rafiki yake tufe la nyota la mbao kwa kubadilishana na nakala ya kitabu, na rafiki akaleta kitabu chenye pengo, mke wangu akasema, "Huyo rafiki Mkongo." Nilimsomea jinsi alivyofundisha nyota kwa waya na mianzi ya kuchungulia, hata mtu asiyejua kitu, akionyeshwa nyota moja, aweze kuzipata nyingine peke yake. Nilimsomea alivyopewa ukuu wa monasteri huko Italia, watawa wenyewe wakamchukia, akakimbia kurudi kwa wanafunzi wake. Alivyomfundisha mfalme kijana, na mfalme huyo alipokuwa mkubwa akamweka kwenye kiti cha Roma, karibu kabisa na mwaka wa elfu. Miaka minne tu, halafu akafa. Nilifunga kitabu nikiwa na huzuni kama mtu aliyefiwa na jirani.

Kisha nikakifungua tena, maana ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na mambo. Baada ya kufa kwake watu walisema elimu ile haikuwa ya bure. Walisema alijifunza uchawi kule Hispania, akaiba kitabu cha mganga, akatengeneza kichwa cha shaba. Kichwa kinaongea. Unakiuliza swali, kinajibu ndiyo au hapana.

Nikapiga makofi peke yangu kwenye kochi. Hiyo ndiyo chumvi, nilijiambia. Hiyo nitaiweka mwisho.

Jumapili ikafika. Sebule ya juu ilikuwa imejaa, viti vimeletwa kutoka kwetu, makoti yamelundikwa kitandani, harufu ya samaki na sombe, kisamvu chetu, mpaka kwenye ngazi. Nikasimama. Mimi ambaye nikiitwa mbele ya watu huwa naangalia viatu vyangu, siku hiyo nilikuwa nachemka. Nilirusha mikono. Nilionyesha ngao, nilionyesha nyota kwenye dari, nilikimbia na papa wangu kutoka Italia kwa kuzunguka meza. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi, na macho yake hayakuniacha hata dakika moja. Nilimwona anatikisa kichwa kukubali pale kwenye ubao wa hesabu. Nikapata nguvu zaidi.

Nikafika kwenye kichwa cha shaba. Nikashusha sauti, nikainama, nikafanya kama nakifunua kitambaa.

"Unakiuliza. Kinajibu ndiyo. Au hapana. Basi."

"Mzee," yule Mganda akadakia, akimtazama mkewe, "kichwa hicho mimi ninacho humu nyumbani. Ila changu kinajua hapana tu, ndiyo bado hakijajifunza."

Sebule ikaanguka kwa kicheko. Mtu Mwema alicheka mpaka akakohoa. Na mimi, nikiwa na mdomo usiojua kufunga duka, nikaongeza: "Papa mchawi, ndugu zangu! Mtoto wetu ana ulinzi pande zote mbili!"

Bibi akaweka kikombe chini. Akasimama, akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akampeleka chumbani. Aliporudi alisimama mlangoni, na watu wakanyamaza mmoja mmoja.

"Neno la uchawi munalileta mu nyumba ya mtoto," akasema, "na munacheka."

Akauvuta mlango wa chumba nyuma yake.

"Huyu hatamshika mjukuu wangu." Hakuninyooshea kidole. Haikuhitajika.

Tulishuka ngazi na viti vyetu. Mke wangu alisubiri mpaka mlango ulipofungwa. "Hongera," akaniambia. "Umepanda baba wa ubatizo, umeshuka na papa mchawi."

Ubatizo ulikuwa Jumapili inayofuata. Jumatatu yule Mganda alinisimamisha kwenye lifti, ameinamisha kichwa, akaniambia mama mkwe hasemi na mtu, na kama hali ni hiyo itabidi watafute mwingine. "Pole, Mzee," akasema. "Mimi pale sina kura." Nikacheka kidogo. Nilipofika ndani sikucheka. Nilikuwa nimeshamnunulia mtoto mshumaa. Nilikuwa nimezoea, kwa wiki tatu nzima, kuwaza kwamba kuna mtu mdogo huko juu ambaye siku moja nitamwonyesha nyota moja, na nyingine atazipata mwenyewe. Sasa jambo lenyewe nilikuwa nimelifuta kwa sentensi moja ya kuchekesha.

Nikampigia padri. Alikuwa Mpolandi, Kiswidi chake kilikuwa kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilimweleza yote. Alicheka, kisha akasema jambo ni dogo: nimesimulia mtu mwingine. Mtakatifu wa mtoto ni yule wa kwanza. Mwambie bibi hivyo, na mambo yamekwisha.

Yamekwisha! Nilipaswa kufurahi. Lakini nilikaa pale kochini nikamwona papa wangu, mtoto wa watu wasioandikwa, na ubao wake, na tufe lake, nami namshusha kwenye basi katikati ya njia ili mimi nifike salama. Halafu nikapata wazo, na wazo likaniinua wima. Bibi anaogopa, nilijiambia. Ni mama wa zamani, hajui. Mimi nitamwelimisha. Nitamwonyesha kwa macho yake kwamba uchawi wa mtu huyu ulikuwa hesabu tu. Ndivyo nilivyowaza, mimi mwenye diploma ya sekondari niliyoipata mara ya pili.

Nikachukua kitambaa cha plastiki cha mezani, nikakichora safu kwa kalamu nene. Safu saba, kitambaa kisingetosha ishirini na saba. Nikakusanya vifuniko vya chupa za soda, nikaviandika tarakimu, moja mpaka tisa, seti kadhaa. Jumatano, nilipotoka kazini, nikapanda juu na kitambaa changu kwapani kama mchuuzi.

Bibi alikuwa peke yake na mtoto, anakunja soksi ndogondogo. Alitazama kitambaa, si mimi.

"Karibu," akasema. Sauti yake haikuwa na karibu yoyote.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kukuonyesha kitu."

Nikatandaza. Nikaeleza: hii ya mamoja, hii ya makumi, hii ya mamia. Ukikosa kitu unaacha wazi. Nikamwomba anipe hesabu yoyote, aone hakuna shetani ndani yake.

Aliwaza kidogo. "Jumapili kuna watu sitini na nane. Sambusa nne nne."

Nikaanza kutafuta kifuniko cha nane. Nilikuwa nimeshika tatu, niliporudisha nikaangusha sita, ikabingirika chini ya kochi, nikapiga magoti.

"Mia mbili sabini na mbili," bibi akasema. Hakuinua macho kwenye soksi.

Nikabaki pale chini. Nikahakikisha kwa ubao, jasho linanitoka: mbili, saba, mbili.

"Na wakileta watoto ishirini na watatu wasiohesabiwa," akaendelea, "kila mmoja apate mbili, ni mia tatu kumi na nane. Nao watawaleta."

"Mama! Umejifunza wapi?"

"Kambini." Alikunja soksi nyingine. "Ng'ambo ya ziwa. Waliniweka nisimamie foleni ya unga, upande wetu. Karatasi zililowa mvua, nikaweka watu wote humu." Akagusa paji la uso. "Kila nyumba, watu wangapi, vikombe vingapi, nani amekuja, nani amerudi mara ya pili akijifanya dada yake. Sikukosea. Kulikuwa na mwanaume mmoja, nilimkamata mara tatu. Akasema mwanamke hawezi kujua yote hayo, lazima kuna kitu kinamwambia. Akasema nina nyungu chini ya kitanda, na hiyo nyungu inaongea."

Nilisahau kuinuka kwenye magoti.

"Watu walicheka," bibi akasema. "Hata miye nilicheka! Nyungu yangu! Wiki ya pili, nikipita, wamama wanavuta watoto wao. Mwezi haukuisha, wakachoma banda. Tukaenda kambi nyingine kwa miguu, mama ya huyu mtoto mgongoni kwangu." Akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. "Weye ulifikiri naogopa nini?"

Nikaingiza mkono chini ya kochi kutafuta ile sita.

"Papa wako," akasema, "nani alisema ana kichwa cha shaba?"

"Watu waliokuja baadaye, Mama. Walioona hesabu zake hawakuzielewa."

"Inapata miaka mingapi?"

"Karibu elfu."

"Elfu!" Akapiga kofi gotini, na mtoto akashtuka. "Miaka elfu mtu anasingiziwa, na weye Jumapili ukaongeza siku moja."

Hapo ndipo nilipochomoa silaha yangu ya mwisho, ile ya padri. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo, mtakatifu wa mtoto si huyo, ni wa kwanza.

"Padri alipiga jana, binti yangu akanitafsiria. Na kalenda naijua kuliko weye. Ulipoanza kusema Hispania nilijua umepotea njia."

"Sasa mbona hukunikatiza?"

"Alikuwa mtamu," bibi akasema, na mdomo wake ukataka kucheka, akauzuia. "Nilitaka kusikia kama watu watamwacha salama."

Kisha akatoa hukumu. Jumapili, kabla ya maji, nisimame mbele ya watu walewale, niseme upya maisha ya papa wangu aliyesingiziwa. Nikisema vizuri nitamshika mtoto. Nikichekesha, Mtu Mwema atamshika. Alishamuuliza, naye alishakubali.

Mtu Mwema! Sikulala mchana hata mara moja wiki hiyo, jambo ambalo mke wangu alilitangaza kwa jamaa zake wa Kista kama habari ya kitaifa. Nilisoma kurasa zile kumi na moja mpaka maktaba wakaniongezea muda. Kitu kigumu hakikuwa Kiswidi. Mimi ni mtu wa utani. Ukiniondolea utani nabaki na koti tu.

Jumapili watu walikusanyika kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, theluji inayeyuka kwenye viatu, sambusa zimefunikwa kwa karatasi mezani. Padri alikuwa ameshavaa, anatazama saa. Bibi aliketi mbele. Mtu Mwema alikuwa amevaa tai mpya, akanipungia mkono.

Nilianza na wazazi wasioandikwa. Sikurusha mikono. Lakini furaha, nawaambia, ilikuja yenyewe, nilipofika kwenye fundi wa ngao nikahisi moyo unapiga kama nimepanda ngazi kwa mbio. Mtu aliyezoea kutengeneza vitu vya vita anaombwa atengeneze kitu cha kufikiria! Nilisema alivyofundisha bila kuficha, alivyompa kila mtu nyota ya kwanza. Nilisema ubao ulikuwa na safu nyingi.

"Ngapi?" bibi akauliza kutoka kitini.

"Ishirini na saba, Mama."

"Basi sema ishirini na saba."

Nikasema ishirini na saba. Nikafika kwenye kichwa cha shaba, na kabla sijamaliza sentensi mtu wa nyuma akaanza kucheka, maana alikumbuka juma lililopita.

"Hapana," nikasema. "Hapo msicheke, tafadhali."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumzuia mtu kucheka. Wakanyamaza, hata yule Mganda. Nikawaambia hakukuwa na kichwa chochote isipokuwa chake mwenyewe. Nikawaambia kwamba neno lile lilianza kwa watu wanaocheka, na mimi nililichukua likiwa zee la karibu miaka elfu nikalileta kwenye nyumba ya mtoto, ili nipendwe kidogo baada ya chakula. Bibi sikumtaja. Sikumtazama pia. Nikasema mtoto huyu analo jina la watu wawili, mmoja wa kusali na mmoja wa kuhesabu, na wote wawili walikuwa safi. Kisha maneno yakaniishia, nikasimama tu.

Padri, ambaye hakuelewa hata neno moja, akasema amina.

Bibi aliinuka. Alimchukua mtoto kwa binti yake, akapita mbele ya Mtu Mwema na tai yake, akaja mpaka nilipo, akanipa. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, mablanketi matatu, na uso mdogo mwekundu unaonikunjia ndita. Nikamkumbatia kama katoni la masinki.

"Si hivyo," bibi akasema. "Weka mkono chini ya kichwa. Shingo yake bado."